Ufunguzi wa chesi bila kukariri: anza na vitunda

SWALI: Kocha, habari yako. Ninaishi Umoja hapa Nairobi, na nimecheza chesi miaka miwili sasa, mara nyingi kwa simu, na wikendi nikipata shindano mjini naenda. Nimekariri Ufunguzi wa Kiitaliano hadi hatua ya kumi na mbili, na nikiwa Mweusi nacheza Ulinzi wa Kifaransa. Shida ni kwamba wapinzani hawachezi kama nilivyofundishwa kwenye video. Kufikia hatua ya nne au ya tano mtu ameshacheza kitu ambacho sijawahi kukiona, naanza kubahatisha, na saa inaniishia. Nitaelewaje ufunguzi bila kukariri? Nibadilishe ninachocheza? Na kuna kozi ya kulipia wenzangu wananishauri niinunue. Ninunue?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Tuanze na hiyo hatua ya nne, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo.

Kuna mtego mmoja ambao kila anayecheza Kiitaliano kwa simu hukutana nao mapema au baadaye. Umesogeza kitunda (kete ndogo ya mstari wa mbele) hadi e4, yaani safu ya e, mstari wa nne, naye e5. Umemtoa farasi f3, naye wake c6. Umemweka askofu c4. Video yako inasema sasa Mweusi atamtoa askofu c5 au farasi f6. Badala yake, farasi wake wa c6 anaruka hadi d4, katikati kabisa ya ubao, na kitunda chake cha e5 kinabaki bila mlinzi.

Aliyekariri atakuwa ama ameuona mtego huu kwenye video nyingine, ama atakila kile kitunda kwa furaha. Akikila, malkia wa Mweusi anatoka hadi g5 na kutishia vitu viwili kwa mpigo: farasi aliyeko e5 na kitunda cha g2. Mweupe anaona upenyo, anamrusha farasi kula f7, akiamini amewashika malkia na ngome pamoja. Malkia anakula g2. Ngome ya h1 inakimbilia f1. Malkia anakula e4 na kutoa cheki, askofu anarudi e2 kuziba, na farasi wa d4 anatua f3. Chekimeti, hatua ya saba. Mfalme amezungukwa na kete zake mwenyewe, na askofu wa e2 hawezi kumla yule farasi kwa sababu akitoka tu malkia wa e4 anamwona mfalme.

Sasa mtazame mchezaji mwingine ambaye hajawahi kusikia mtego huu, ila ana mazoea ya kujiuliza maswali mawili kila mpinzani anapocheza: hatua hii imefanya kazi gani, na imeacha nini nyuma? Kazi yake inaonekana: farasi wa d4 anamtishia farasi wangu wa f3. Alichoacha je? Amecheza farasi mmoja mara mbili, na hana kete nyingine iliyotoka. Nikimla huyo farasi, yeye atakula kwa kitunda chake cha e5, na ubao utabaki vipi? Mimi nina askofu nje na naweza kumtia mfalme ngomeni sasa hivi, yaani kumhamishia pembeni huku ngome ikiruka upande wake wa pili. Yeye hana hata kete moja nje, na vitunda vyake vya d7 na d4 vimesimama safu moja, kimoja nyuma ya kingine. Mchezaji huyu anakula farasi, anamficha mfalme, na anaendelea kwa raha akiwa mbele. Hakuhitaji kumbukumbu yoyote.

Maswali hayo mawili ndiyo ninayotaka uyachukue kabla ya kitu kingine chochote. Kila hatua katika chesi inafanya kazi fulani na inaacha kitu, kwa sababu kete haiwezi kuwa mahali pawili. Kitunda cha e4 kinashika katikati na kumfungulia njia askofu na malkia, lakini kimeshapita: hakitaweza tena kuulinda mraba wa d4, kwa maana vitunda havirudi nyuma. Askofu akienda c4 ameitazama f7, mraba ambao mwanzoni unalindwa na mfalme peke yake, lakini amejiweka mahali ambapo farasi akija a5 atamsumbua, au kitunda cha d5 kitamfukuza. Hatua isiyoacha kitu haipo, hata ya bingwa.

Nasisitiza hivi kwa sababu za hesabu pia. Mweupe anapoanza ana hatua 20 za kuchagua, 16 za vitunda na 4 za farasi. Mweusi naye ana 20. Kwa hiyo kila mmoja akicheza mara moja tu, ubao unaweza kuwa katika hali 400. Kila mmoja akicheza mara mbili, idadi ya njia ambazo mchezo unaweza kuwa umepita ni 197,281. Mfumo wa kuorodhesha funguzi unaotumika zaidi duniani una makundi 500, kuanzia A00 hadi E99, na ndani ya kila kundi kuna matawi juu ya matawi. Hatua zako kumi na mbili za Kiitaliano ni uzi mmoja katika hayo yote. Mpinzani wa kiwango chako hajaupuuza uzi huo kwa ujeuri. Hajui kama upo.

Na usidhani mabingwa wana vichwa vya aina nyingine. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Uholanzi, alilichunguza jambo hili, kisha mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon wa Marekani wakaliendeleza. Mchezaji alionyeshwa ubao kwa sekunde tano, halafu akaombwa kupanga kete upya bila kutazama. Kete zilipotoka kwenye mchezo halisi, bingwa alizirudisha nyingi sana kumzidi anayeanza. Zilipotawanywa ovyo ubaoni, tofauti kati yao ilikaribia kwisha. Bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa anaona maana: huyu mfalme ameshatiwa ngomeni, vitunda hivi vinashikana, farasi huyu anamlinda yule. Maana ikiondolewa, kumbukumbu yake inabaki kama yako na yangu. Ndiyo maana nakuambia kumbukumbu ya ufunguzi itakuja yenyewe ukishaelewa, na usipoelewa haitakaa hata ukikesha.

Sasa tuingie kwenye Kiitaliano chako kwa macho hayo.

Bila shaka umekariri kwamba katika mchezo wa taratibu Mweupe husogeza c3 na d3, anamtia mfalme ngomeni, anapeleka ngome e1, farasi wa b1 anakwenda d2, kisha f1, kisha g3. Wengi wanaojifunza kwa kukariri huchanganya mpangilio huu, na ni rahisi kuona kwa nini: kwao ni orodha tu. Lakini jiulize farasi anatafuta nini g3. Anautazama mraba wa f5, ambapo akifika anamkaribia mfalme wa Mweusi. Ili afike g3 lazima apite f1. Ili f1 iwe wazi, ngome iliyohamia hapo mfalme alipofichwa lazima iondoke, nayo inakwenda e1, ambako pia inakilinda kitunda cha e4. Kwa nini farasi asipite c3, ambako hahitaji ngome imwachie nafasi? Kwa sababu c3 kuna kitunda, na kitunda hicho kipo pale kwa ajili ya kuisukuma d4 siku itakapofaa. Ukiijua sababu, mpangilio huo huwezi kuukosea, kwa kuwa hatua moja inaidai nyingine.

Na mpinzani akicheza kitu cha ajabu, kama vile kusogeza kitunda cha pembeni h6 katika hatua ya tatu? Hatua hiyo imefanya nini? Imemzuia farasi wako asiende g5. Imeacha nini? Imetumia zamu nzima bila kutoa kete. Anapopoteza muda, wewe uliye na kete nyingi nje unataka mapigano yaanze kabla hajajipanga, na mapigano huanza katikati. Sukuma d4 mara moja. Akicheza d6, hatua hiyo inakilinda e5 lakini imemfungia askofu wake wa f8 nyuma ya kitunda. Hapo una nafasi ya kutosha kujenga katikati kwa c3 na d4, bila haraka. Ni kanuni moja tu uliyoitumia mara mbili, nayo imejibu hatua mbili ambazo video haikuzigusa.

Kama unataka kuona kanuni hiyo ikitekelezwa hadi mwisho, tafuta mchezo ambao Paul Morphy wa Marekani aliucheza mwaka 1858 kwenye jumba la opera huko Paris, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana. Upo bure kila mahali. Katika hatua ya pili Mweusi alicheza d6, Morphy akajibu d4, na kuanzia hapo karibu kila hatua yake inatoa kete mpya au inafungua njia kwa kete iliyotoka. Mchezo uliisha kwa hatua 17. Upitie polepole, na kabla ya kila hatua ya Morphy ziba skrini kwa kiganja useme wewe ungecheza nini na kwa nini. Fanya hivyo mara mbili tatu kwa nyakati tofauti. Mchezo huo mmoja una mafunzo mengi kuliko saa nzima ya video za mitego.

Hata hivyo maswali mawili peke yake hayatoshi. Yanakusaidia hatua moja moja, na wewe unahitaji pia kujua mchezo mzima unaelekea wapi. Hapo ndipo vitunda vinapoingia, na naomba unisikilize kwa makini kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo wachezaji wengi wa hapa kwetu wanaruka.

Kete nyingine zinaruka na kurudi. Vitunda vikishikana vinakaa, wakati mwingine hatua thelathini, na jinsi vilivyokaa ndivyo vinavyoamua kila kete nyingine iende wapi. Chukua Kifaransa chako. Mweupe e4, wewe e6. Mweupe d4, wewe d5. Mweupe anasukuma e5. Tazama ubao: vitunda vya Mweupe vya d4 na e5 vimepangana mshazari, na vyako vya d5 na e6 vinavikabili. Katikati pamefungwa. Hakuna atakayekula mwenzake hapo karibuni.

Aron Nimzowitsch, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani miaka ya 1920, alifundisha kwamba mnyororo wa vitunda, yaani vitunda vinavyolindana mshazari, unashambuliwa kwenye mzizi, kile cha nyuma kabisa. Kitunda cha e5 kinalindwa na cha d4. Ukiibomoa d4, e5 kinakosa pa kuegemea. Ukishajua hilo, huhitaji tena kukariri hatua za Mweusi, kwa sababu zote zinaitazama d4: kitunda kinakwenda c5 kuigonga d4. Farasi anakwenda c6, anaitazama d4. Malkia anakwenda b6, anaitazama d4, na kitunda cha b2 kikiwa njiani kama ziada. Farasi wa pili anapitia e7 au h6 hadi f5, anaitazama d4. Mpinzani akicheza chochote usichokijua, swali lako ni moja: je, d4 imepata mlinzi au imempoteza?

Ngoja nikupe mfano ambapo swali hilo linaokoa mchezo. Baada ya c5, Mweupe ameilinda d4 kwa kitunda c3, wewe farasi c6, yeye farasi f3, wewe malkia b6, naye anamleta askofu d3. Hesabu walinzi. Malkia wake wa d1 alikuwa akiiona d4 kwa safu, na sasa askofu wake mwenyewe amemziba. Unakula d4 kwa kitunda, anakula kwa kitunda chake. Sasa d4 inashambuliwa na farasi wako na malkia wako, na mlinzi anayeonekana ni farasi mmoja. Je, ukile? Simama. Hatua ya askofu imeacha nini, na imeficha nini? Imemficha malkia. Ukila kwa farasi, yeye akila kwa farasi, nawe ukimla kwa malkia, askofu wa d3 anaruka hadi b5 na kutoa cheki, na nyuma yake malkia wa d1 anamwona malkia wako wa d4 akiwa peke yake. Umempoteza. Kwa hiyo kwanza mlete askofu wako d7, ili ile cheki ya b5 isiwe na makali, na hapo ndipo tishio lako juu ya d4 linakuwa la kweli. Mwenye kukariri anajua askofu d7 kwa sababu video ilisema. Wewe utaijua kwa sababu umeitazama d4.

Umbo hilohilo linakueleza pia tatizo lako la kudumu katika Kifaransa: askofu wa c8. Vitunda vyako vimekaa kwenye miraba myeupe naye anatembea kwenye miraba myeupe, kwa hiyo amefungiwa. Ndiyo sababu utaona wachezaji wazuri wakihangaika kumbadilisha kwa kucheza b6 na kumpeleka a6, au kumpitisha d7 hadi b5. Si mapambo, ni kumtafutia kazi. Caro-Kann, inayoanza kwa c6 badala ya e6, inampa askofu huyo nafasi ya kutoka kwanza kabla mlango haujafungwa, lakini gharama yake ni kwamba kitunda cha c kikitaka kwenda c5 baadaye kitakuwa kimetumia zamu mbili. Ukiielewa hiyo biashara, umeelewa tofauti ya funguzi mbili nzima.

Na raha ya kusoma maumbo ni kwamba umbo moja linazaliwa na funguzi nyingi. Chukua kitunda kilichotengwa katika safu ya d, kile kinachosimama d4 bila jirani wa c wala wa e. Kinatokea katika Gambiti ya Malkia iliyokubaliwa (Mweupe anatoa kitunda cha c4 na Mweusi anakila), kinatokea katika tawi moja la Caro-Kann, kinatokea Mweupe anapoijibu Sisilia (Mweusi akijibu e4 kwa c5) kwa c3, na katika Ulinzi wa Tarrasch ni Mweusi anayekuwa nacho, safari hii d5. Popote kinapotokea, mwenye nacho anataka kete zake zibaki ubaoni, farasi akae e5, mashambulizi yaelekee kwa mfalme, au kitunda chenyewe kisukumwe d5 kwa wakati wake. Asiye nacho anataka kuziba mraba wa mbele yake kwa farasi, abadilishane kete mojamoja, na mwishoni akile. Ukijifunza hilo mara moja, funguzi nne zimepungua ugumu kwa siku moja. Mnyororo nao ni hivyohivyo: yule Mweusi wa King's Indian, ulinzi mmoja dhidi ya d4, anayesukuma f5 anagonga mzizi wa e4, na Mweupe anayesukuma c5 anagonga mzizi wa d6. Ni Kifaransa chako kimegeuzwa upande.

Mazoezi sasa. Najua data ni pesa na muda wa jioni baada ya kazi na foleni ya Jogoo Road ni mdogo, kwa hiyo nakupa ninayoyaamini tu.

Punguza michezo ya dakika tatu. Katika dakika tatu hakuna anayeuliza maswali mawili. Unacheza kwa mazoea, na mazoea yako ndiyo tunayotaka kuyabadilisha. Mchezo mmoja wa dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kila hatua utakufaa kuliko kumi ya haraka. Ukimaliza, shinda au shindwa, rudi hadi hatua ya kwanza ambayo ilikufanya usite. Usifungue injini (programu inayochambua mchezo) bado. Chukua daftari uandike kwa sentensi, kwa Kiswahili chako cha kawaida: "Alicheza farasi d4. Alinitishia farasi. Aliacha muda. Nilikula e5 bila kuuliza malkia wake anaenda wapi." Usiandike mfululizo wa hatua, andika sababu. Daftari la sababu ukilisoma tena baada ya mwezi bado linakufundisha.

Kisha tazama wakuu walicheza nini mahali hapo. Lichess ni bure kabisa, haina matangazo, na ina kichunguzi cha funguzi kinachoonyesha hatua zilizochezwa na mabingwa pamoja na zile za watu wa kiwango chako. Linganisha hizo mbili. Mara nyingi utakuta hatua iliyokusumbua wewe ni maarufu sana kwa wachezaji wa simu na haipo kabisa kwa mabingwa, na hapo jiulize kwa nini wao hawaigusi.

Injini iwe ya mwisho, na uitumie kinyume na wanavyoitumia wengi. Injini hukuambia hatua bora ni ipi lakini haikuelezi sababu. Basi usiiulize hatua bora. Icheze hatua unayodhani ni nzuri na ambayo injini haikuipenda, uone inakuadhibu vipi. Ukishaona adhabu, sababu umeipata kwa macho yako. Fanya hivyo kwa hatua moja au mbili za kila mchezo, inatosha.

Ukipata mwenzako mtaani au kwenye klabu, kuna zoezi ambalo nalipenda kuliko yote. Pangeni ubao kuanzia hali ya hatua ya nane ya ufunguzi mmoja, mcheze mara nne, mkibadilishana rangi, halafu mjadili. Semeni kwa sauti: vitunda vimekaa hivi, kwa hiyo mimi nataka hiki. Wazee wetu wanaocheza drafti kwa vifuniko vya soda kwenye vivuli vya mitaa hii hawakuanza na kitabu, lakini muulize mmoja kwa nini ameiacha kete ya nyuma kabisa bila kuisogeza, atakueleza bila kusita, na kijana aliyesimama pembeni atambishia. Kubishana huko ndiko kunakofundisha. Wachezaji wetu wa chesi wengi wanacheza kimya na simu peke yao, na hilo linanisikitisha.

Na mara moja kwa wiki cheza Chess960. Bobby Fischer, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972, aliitangaza huko Buenos Aires mwaka 1996 kwa sababu hiihii inayokusumbua: alichoshwa na mchezo unaoamuliwa na maandalizi ya nyumbani. Kete za nyuma zinapangwa kwa bahati nasibu, kuna mipangilio 960, na hakuna wa kuikariri yote. Kuanzia hatua ya kwanza unalazimika kuuliza: kete gani haina pa kutokea, mraba gani hauna mlinzi, mfalme wangu ataishi wapi. Ukirudi kwenye chesi ya kawaida utajikuta unauliza vilevile.

Kuna mahali ambapo kukariri hakuepukiki, nami sitakuficha. Mistari mikali ya Sisilia, kama tawi la Najdorf ambapo malkia wa Mweusi anaingia kula kitunda cha b2 chenye sumu, ina hatua ambazo hata bingwa mwenye akili hawezi kuzigundua zote akiwa mezani na saa ikikimbia. Ukiicheza hiyo lazima usome. Ushauri wangu ni usiicheze kwa sasa. Vilevile, ukila kitunda cha d5 kwa farasi baada ya Mweupe kukurukia g5 katika mchezo wa farasi wawili (ukijibu Kiitaliano kwa farasi f6), askofu wake akiwa c4, atakutolea farasi sadaka f7 na mfalme wako atavutwa hadi e6 kumlinda farasi wa d5. Huo ni mstari wa kujua mapema kwamba hutaki kuwemo, na kwamba farasi a5 kumfukuza askofu ndiyo njia ya kawaida. Mambo ya aina hii ni machache. Yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari, na ukishayaelewa hayatakuchosha.

Kubadilisha ufunguzi? Hapana. Kiitaliano na Kifaransa ni chaguo jema kwa mtu anayetaka kuelewa, kwa sababu vyote viwili vina mawazo yaliyo wazi. Kinachokosekana kwako ni jibu moja Mweupe akianza na d4, nami ningekupa Gambiti ya Malkia iliyokataliwa: d5, kisha e6, farasi f6, askofu e7, mfalme ngomeni. Umbo lake la vitunda linafanana na lile unalolijua tayari, na yule askofu wa c8 ana shida zilezile, kwa hiyo kazi uliyofanya kwenye Kifaransa haipotei. Funguzi hizo tatu zikufikishe mwaka mzima.

Kuhusu kozi, usinunue kwanza. Kozi nyingi za ufunguzi zinauzwa kwa wingi wa mistari, na wewe una mistari mingi kuliko unavyoweza kuitumia. Ukiwa na pesa za kutumia, nunua ubao wa kukunja na kete za saizi ya mashindano, kisha lipa ada ya shindano moja zaidi la Chess Kenya, shirikisho la chesi la hapa nchini, mwaka huu. Michezo mirefu utakayoicheza humo, ukiiandika hatua kwa hatua kwenye karatasi ya shindano, ndiyo itakayokuwa kozi yako. Baada ya shindano hilo niletee mmoja ulioshindwa, pamoja na ukurasa wa daftari lako ulioandika sababu, tuupitie pamoja kuanzia hatua iliyokufanya usite.